Benchi Nje ya Chumba cha Anatomia

Kwako Dada,

Huku hatujambo. Jino la Mama limepoa, na paka amezalia kwenye kabati lako.

Jengo la chuo la kufundishia madaktari na wauguzi linapanuliwa, na ramani nimechora mimi. Chumba cha anatomia kilikuwa chini, hakina dirisha. Nimekipandisha juu, kipate jua la asubuhi. Unajua Baba alivyochukia baridi.

Nje yake nimeweka benchi. Mkuu wa chuo akauliza, "Hili la nani?" Nikamwambia ni la wenye mtu wao humo ndani.

Hunisemeshi tangu niliposaini wanafunzi wapewe mwili wa Baba, kama alivyotaka mwenyewe, nawe ukakosa kaburi la kwenda.

Benchi linatosha watu wawili.

Mdogo wako