Wamekata Koti la Marehemu Ili Watu Wakapige Kura

Mshauri wetu, pokea salamu zangu kabla hasira haijanipotezea adabu. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina binti wa miaka kumi na sita, na kibanda changu nimekijenga kwa sindano yangu mwenyewe, sikurithi hata kifungo, kwa hiyo usije ukaniambia nalilia kitambaa tu, maana vitambaa navijua.

Marehemu mume wangu alikuwa na koti la buluu, la kwanza kabisa nililowahi kushona, mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa nusu inchi na kila nikitaka kuurekebisha anakataa, "Uache, mke wangu, nikipotea watanitambua kwa huo," na koti hilo halikwenda harusini wala msibani, lilikwenda kupiga kura tu. Jioni ya kuamkia uchaguzi analipiga pasi mwenyewe, mimi namtania, "Bwana harusi, kesho unamwoa nani?" naye anajibu, "Namwoa diwani, wewe ndiye shahidi." Asubuhi tunabeba kigoda na chupa ya chai, kwenye foleni tunakikalia kwa zamu, na tukirudi binti yetu, wakati huo bado mdogo, anatia mate kwenye kidole cha baba yake na kuusugua ule wino, hautoki, baba mtu anacheka mpaka anakohoa. Uchaguzi uliopita, wa kwanza bila yeye, sikwenda, na huu wa Jumapili ijayo sikupanga kwenda, koti liko nyuma ya mlango wa kibanda na mimi niko kwenye cherehani yangu, basi.

Sasa binti yangu na wenzake wa shule wanapita nyumba kwa nyumba, "Sisi umri haujatufikia, tuendeeni nyinyi," nami niliona ni jambo la heri mpaka juzi, nilipofungua kibanda nikakuta nyuma ya mlango msumari mtupu! Natoka nje nawaona wamesimama mbele ya kibanda cha kinyozi jirani yangu, kila mmoja amejifunga mkononi kipande cha buluu, kimeandikwa KAPIGE KURA kwa chaki yangu mwenyewe ya kukatia nguo, na kinyozi anawacheka, "Anzeni na mama fundi hapo. Mara ile sisi tunarudi na wino vidoleni, yeye anashona." Nikamshika binti yangu, nikamvua kipande chake mbele za watu, nikampiga marufuku kutoka. Akaniambia, "Baba alikuwa analitoa siku ya kura tu, mama. Wewe hulitoi kabisa." Tangu hapo yuko kwa shangazi yake na simu zangu hapokei.

Na wamelikata vibaya, mshauri! Kwa mkasi wa karatasi, mshazari, pindo hawakupinda, nyuzi zinaning'inia. Koti zima limetoa vipande kumi na kimoja, wangeniletea mimi ningewatolea ishirini na nne na cha kubaki kikabaki. Binti nimrudishe kwa nguvu? Na vipande vyangu, nividai?

Fundi wa Msumari Mtupu

MSHAURI ANAJIBU

Pole, dada yangu, na pole hii inatoka moyoni. Kuchukua koti la marehemu bila kuomba ni kosa, na binti yako ataomba radhi, tena ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Hilo ni lake. Sasa tuje kwako. Wangekuletea, ungewatolea ishirini na nne: umesema mwenyewe, sikukuvuta ulimi. Mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya vipande hakatai koti kukatwa, kilichomuuma ni kutoulizwa. Una haki ya kuumia. Lakini acha kujidanganya kwamba ulikuwa unalitunza. Koti lile lilikuwa na kazi moja, wewe ukaliachisha kazi. Kisha mbele ya kinyozi ukamwaibisha mtoto anayefuata nyayo za baba yake kabla hata sheria haijamruhusu! Kinyozi ana mdomo, sawa, ila neno lake lilimchoma binti yako kwa sababu jibu hakuwa nalo. Jibu unalo wewe.

Simu weka chini. Kesho nenda kwa wifi yako, beba mkasi wa maana na uzi wa buluu. Binti awaite wenzake walete vipande vyote, ukae uvipinde pindo kimoja kimoja, nao wakutazame. Hapo ndipo atakapokuomba radhi, na wewe utamwomba ya pale kwa kinyozi. Usisubiri aanze yeye.

Kipande kimoja kati ya hivyo kimetoka mkono wa kushoto. Macho yako hayatakosea. Hicho ni chako, usimgawie mtu.

Jumapili kifunge mkononi, chukua kigoda, chukua chai, na binti akusindikize mkikalie kwa zamu. Ukirudi nyumbani, mpe kidole asugue.