Aliyehamia kwa Mahasimu

Laurel, Jumamosi, Novemba 2006

Leo nimemtania mtu, na sijutii hata kidogo. Asubuhi tulikusanyika kwa Mwinyi, mji wa jirani wa Beltsville, huku ughaibuni, kutazama ligi ya Uingereza. Yule mshambuliaji wetu aliyehamia kwa mahasimu msimu huu akatufunga. Hakushangilia, aliinamisha kichwa tu.

Mwinyi, aliyeichoma moto jezi ya mchezaji huyo, akalainika. "Angalau ana adabu," akasema.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Ni mtani wangu. Hata msibani namtania na haruhusiwi kununa. Nikamuuliza, "Na mkeo alipohamia mji wa Sterling kwa rafiki yako, yeye alishangilia?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwinyi akatabasamu, maana utani ndivyo unavyotaka, akaenda jikoni kuongeza chai. Hakurudi mpaka mpira ulipokwisha. Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa yote, na ilikuwa tamu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Ndani ya gari akawa anatazama dirishani mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Baba Zuhura," akasema, "hivi nyumba za huko Sterling zikoje?"