Kuvu Nyeupe Uliyoiita Yako

Chumba cha juu, nyumba ya fundi cherehani
Jumatano jioni

Mpendwa Kaka,

U hali gani na baridi ya huko? Wifi hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi tu wazima. Mguu wa Mama umepata nafuu, sasa anapanda ngazi mwenyewe huku akituamrisha sote.

Kaka, nina kidonda moyoni, na aliyekitia ni wewe.

Unakumbuka nilivyokupigia simu nikipayuka kama mwehu? Ile kuvu ya kijani inayoharibu nafaka, nilikuwa nimezima jeni yake moja tu. Ikaota nyeupe kama pamba, haikutoa vimbegu, na sumu yake ikatoweka. Kumbe jeni ileile ndiyo inayoamuru vyote viwili! Ukacheka: “Chiriku, umetuheshimisha. Nitumie picha niwaringie wenzangu.” Nikakutumia zote. Angekuwa mwingine ningesita, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kushika hadubini.

Juzi Profesa aliniita ofisini. Kwenye kompyuta yake palikuwa na makala yenye jina lako na picha zangu, hata ule mkwaruzo pembeni mwa kisahani cha kuoteshea.

“Huyu si kaka yako?”

“Ndiye.”

“Kwa hiyo muda wote ulikuwa unatuletea kazi yake?”

Akanipokonya ufunguo wa maabara mbele ya wenzangu.

Nilimkimbilia Mama, nikidhani atalia nami. Akaendelea kukunja nguo.

“Nyamaza, mwanangu. Mwenzio ana familia, anatafuta kazi ya kudumu. Aliniambia.”

Ulimwambia! Yaani Kaka, ulimwomba Mama radhi, mimi ukanipita kama mlango wa jirani.

Jana nilirudi kwa Profesa, nikamweleza yote. Akanifungulia maabara, nikafungua jokofu nikamwonyesha kuvu yenyewe, ingali hai. Wewe unazo picha tu. Aliinama akaitazama kitambo, kisha akanirudishia ufunguo. Leo anawaandikia wakubwa wako. Mama hasemi nami.

Sikukuomba ruhusa. Nakuarifu tu, ili usije ukayasikia kwa watu kama nilivyoyasikia mimi.

Nisalimie Wifi, umbusu mtoto. Shangazi anakusalimu, na fundi wa chini pia. Hao hawajui lolote. Mungu awalinde, na akupe moyo wa kusema kweli.

Dada yako anayekupenda hata sasa,
Chiriku