Noti Tatu Chini

Yaya Neema, dada yangu mkubwa mpendwa,

Sauti yako iliyonikaa zaidi siyo ya kuimba. Ni ile pumzi uliyokuwa ukivuta puani kabla ya neno la kwanza, fupi, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama droo iliyokwama inapofunguka. Wanawake kumi na wawili tulikuwa tukiingoja. Hapakuwa na mkono wa kuongoza wala wa kuhesabu. Unavuta, tunavuta, wimbo umeanza.

Huu ni mwaka wa tatu uko Kanada, na bado tunaingoja. Nimechoka, yaya. Naandika kwa sababu nikikupigia utacheka, nami nitacheka, na nitakuwa sijasema kitu.

Unakumbuka mafungo yetu ya kwanza, kwenye nyumba ya masista kule vilimani? Mafungo ambayo hakuna aliyefunga, kwa sababu Mama Odette alikuja na sufuria tatu za sombe, majani yetu ya muhogo. Kabla ya hapo tulikuwa tukiimba saluni kwake, mjini, kati ya wateja wenye dawa kichwani, na tulijiona hodari. Uimbaji wenyewe, sauti nne bila ala yoyote, Wamarekani waliupa jina la duka la kinyozi, kwa hiyo wateja waliona tupo mahali petu. Kisha ukamleta Baba Cele awe kocha wetu, mzee aliyestaafu kiwanda cha rangi kule Jacobs, mtaa wa viwanda. Alisema masikio yake yalifunzwa na mashine: ilipoharibika moja kati ya arobaini, alijua ni ipi.

Alitusimamisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo, tukafumba macho tukaimba. Mimi nilikuwa na wewe. Mimi baritoni, mwenye noti ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, na wewe mwenye wimbo. Nikasikia mbavu zako zinafunguka mgongoni kwangu. Baba Cele akawa ananyamazisha sauti moja moja, akisema, "Sikilizeni shimo." Alipoinyamazisha ya kwangu, ukageuka ukaniambia, "Mdogo wangu, kumbe ni wewe uliyekuwa unatushikilia." Sijui kama unakumbuka. Mimi niliishi na maneno hayo mwaka mzima.

Na jioni ile kwenye chumba cha chakula, tulipoishika noti ya mwisho, vifuniko vya sufuria vilitetemeka rafuni.

"Nani amegusa sufuria yangu?" Mama Odette akauliza.

"Hakuna mutu, mama."

"Basi ni Roho Mtakatifu. Muimbe tena, asiondoke!"

Tulicheka mpaka sista mmoja akaja kuchungulia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile chuoni, wala kanisani, wala popote.

Sasa nikwambie mafungo ya mwaka huu.

Mama Odette aliweka kiti kitupu mahali pako, katikati, na juu ya kiti akaweka simu yake. "Tupige kwanza ile voice ya Neema," akasema. Ule ujumbe uliotutumia ulipofika huko: noti ya kuanzia, kisha pumzi yako. Tunaanza nao kila wimbo. Kumi tuliobaki tunaegemea simu kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa majina. Kisha tunaimba kwenye noti yako, iliyopimwa kwa koo lako, na mimi niliyepewa sehemu yako napanda huko juu nikikwaruza. Wawili wameshaacha kuja mwaka huu. Waliniambia shingo zinauma.

Jumamosi mchana sauti yangu ilikatika katikati ya ubeti. Nilirekodiwa, ukatumiwa, ukajibu kabla hatujamaliza chai: "Mdogo wangu, usisukume. Pumua chini." Kila mtu akasikia. Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba za nguo za masista. Nilikuwa napumua chini, yaya. Sehemu ile haiko chini.

Niliporudi nikasema tushushe wimbo. Mama Odette akashtuka kama nimetukana.

"Eish, na Neema akirudi? Akute tumebadilisha nyimbo zake?"

"Amesema lini anarudi?"

"Alisema mwaka kesho atakuwa na sisi kwa mafungo."

"Na mwaka jana alisema nini?"

Akakunja kitenge chake upya, polepole, bila kunitazama. "Heri tufunge kwaya mpaka aje, kuliko kuiharibu."

Baba Cele alikuwa ameketi dirishani. Akanyanyuka, akazunguka kile kiti, akakiinamia kana kwamba anamsalimia mtu. "Hayibo," akasema, akishangaa kwa Kizulu chake. "Mimi huwafundisha kumsikiliza jirani. Huyu hawasikii. Mnamwimbia nani?"

Vifuniko havikutetemeka hata kidogo mafungo yale.

Sikukasirikia kuondoka kwako. Ulipata nafasi, watoto wanasoma, ningeondoka pia. Kinachoniudhi ni hilo "mwaka kesho" lako. Unalitoa kwa upendo, najua, ila linatufunga hapa tulipo. Na kinachoniudhi zaidi ni mimi, niliyelipokea mara tatu kwa sababu mahali pako palikuwa bado na joto lako na sikutaka kuonekana nimepakalia.

Wiki iliyopita niliketi na nyimbo zote sita nikaziandika upya, noti tatu chini. Jumamosi nikafika saluni mapema. Nilichukua simu ya Mama Odette kutoka kwenye kiti tulichokutengea huko pia, nikamrudishia mkononi, na kwenye kiti nikamkaribisha mteja aliyekuwa amesimama. Nikapuliza ile filimbi ya duara uliyoniachia, ya kutolea noti ya kuanzia. Kisha nikavuta pumzi mwenyewe. Ilitoka nzito, wala haikufanana na yako. Watatu wakachelewa kuanza. Tukaanza tena. Mama Odette aliimba mstari mzima akinikazia macho, na kwenye ubeti wa pili akayafumba, mgongo wake ukasogea ukagusa wangu.

Tuliumaliza wimbo wote bila kusimama. Ule ujumbe wako nimeufuta kwenye kikundi chetu cha simu, na wote wanajua ni mimi. Ukija, mlango uko wazi. Utatusikiliza kwanza, ndipo utajua pa kuingilia.

Mdogo wako,
aliyekuwa baritoni