Ngazi za Bwawa la Mkunga

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilolilalamikia limekuachia nafasi ya kukanyaga cherehani yako kwa amani. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, presha imetulia, na bado anabishana na redio kama vile watangazaji wanamsikia. Wifi yako hana neno. Mimi ni mzima pia, ila vumbi la zege tu. Nikipiga chafya mke wangu husema tusiitupe hiyo, tutazibia ufa.

Kwanza nikushukuru kwa magauni ya watoto. Yamewakaa kana kwamba uliwapima kwa mkono wako. Yule mkubwa amelala na lake siku tatu mfululizo, mpaka mama yake akamvua akiwa usingizini apate kulifua.

Pili, umeandika tena kuomba watoto waje kwako likizo. Dada, miaka yote hii tumekupa sababu za kila rangi: homa, masomo ya ziada, mvua. Mwaka jana nilikwambia gari langu limeharibika, na wewe unajua fika kwamba sina hata baiskeli. Ulijibu tu kwamba haidhuru. Sababu yenyewe sote tunaijua na hakuna anayeitaja. Nilipokuwa na miaka saba, na wewe kumi na mmoja, nilizama kwenye bwawa la kuogelea la wale matajiri ambao Baba alikuwa akiwatunzia bustani. Ikasemwa kwamba wewe ndiye uliyenisukuma. Baba alifukuzwa kazi, tukahama, na tangu siku hiyo Mama hajakuachia mtoto wa mtu. Sisi wengine tukafuata. Nimelianza hilo makusudi, kwa hiyo vumilia nikusimulie, maana unanijua, sijui kufika mahali bila kuzunguka.

Unajua kazi yangu ni kukata zege. Watu hudhani zege ni la kupiga nyundo tu. Ukipiga nyundo kwenye nyumba ya mtu, nyufa zitatembea mpaka jikoni. Sisi tunachora mstari, tunafunga msumeno wenye diski ya almasi, tunaumwagia maji usiungue, na kipande kinatoka kama kipande cha sabuni. Kazini wananiita Nyoosha kwa sababu mstari wangu haupindi. Mabwawa ya majumbani nimeyakata mengi mno, na yote nimeyaona makavu. Sehemu yangu ikiisha, naaga kabla ya bomba kufunguliwa. Mwenzio mpaka leo sijui kuogelea, na hakuna fundi aliyekuwa akilijua hilo.

Mwezi uliopita tulipata kazi kwa mkunga mmoja mstaafu. Bwawa alijengewa na marehemu mumewe, nalo lilikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama wima, ambayo magoti ya yule mama hayaiwezi tena. Daktari amemwambia afanye mazoezi ndani ya maji. Basi akataka ukuta wa upande usio na kina ukatwe, zijengwe ngazi pana za zege, na bomba la kushikia. Ukuta ule ulijaa nondo kama aliyeujenga alikuwa akigawiwa bure. Diski tatu ziliisha kwa siku mbili. Lakini sijawahi kufanya kazi kwa mtu mwema kama yule. Kila saa nne alituletea chai na mikate, akatukalisha kivulini tope likitudondoka, na kumuuliza kila mmoja habari za wazazi na watoto wake. Kesho yake alikuwa bado anayakumbuka majina yao yote.

Sasa, tuna msimamizi mpya, tunamwita Milimita, na jina linajieleza. Yeye ana sheria yake. Anasema bwawa lililokatwa likivuja litavujia pale penye mkato, zege jipya lilipokutana na la zamani. Kwa hiyo aliyekata ndiye anayetangulia kuingia majini na kichupa cha rangi, aidondoshe polepole kufuata mkato mzima. Rangi ikitulia, salama. Ikivutwa ukutani, kuna tundu, na kazi inarudiwa. Mpishi huonja chungu chake, anasema. Sheria hiyo niliisikia siku ambayo bwawa lilikwisha kujaa na kichupa kiko mkononi mwangu. Nilitaja mafua, nikataja tumbo, nikataja mke mgonjwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu ziliishia ukingo wa bwawa.

Nilijikaza kisabuni nikashuka ngazi mbili. Kwenye ya tatu maji yalinifika kiunoni. Nikaganda kwenye lile bomba kama kupe. Wenzangu walicheka, halafu wakaona uso wangu wakaacha. Yule mkunga hakumuuliza mtu. Alishuka na gauni lake, akanishika ukosi wa shati kwa nyuma, akaniambia nivute pumzi na kuitoa polepole, nadhani kama alivyowaambia kina mama maelfu. Aliniambia hataniachia, na kweli hakuniachia, mpaka nikaimaliza kazi. Rangi ilitulia mkato wote.

Tulipokaa pale kwenye ngazi, tumelowa wote wawili, akasema mtu mzima haogopi hivi bila kuwahi kunywa maji. Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu maisha yangu yote, kwamba dada yangu alinisukuma nikiwa mdogo. Akauliza nani alinitoa. Nikasema ni dada yangu huyohuyo. Akaniuliza, bila ukali wowote, mbona aliyetaka nizame ndiye aliyeingia kunitoa, naye mwenyewe akiwa mtoto.

Dada, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Si Baba, si Mama. Nililia mbele ya mafundi sita.

Hukunisukuma. Niliruka mwenyewe. Nilikuwa nimemwona mtoto wa wenye nyumba akiruka na kucheka, nikadhani maji humbeba kila mtu. Uliniita mara tatu nirudi. Nilipozama ulishika ngazi ya chuma kwa mkono mmoja na kunivuta kwa mwingine, na wewe mwenyewe hukujua kuogelea. Baba alikuja mbio, akauliza nani kafanya hivi, nikaona uso wake, nikakunyooshea kidole. Ulikana mara moja. Nyumbani, Mama alipoanza kukupiga kwa mwiko, ulinitazama, ukangoja niseme. Sikusema, na wewe hukukana tena. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na miwili. Baba amekufa akiniamini, na hilo sina namna ya kulirudisha. Na nilipopata watoto wangu niliwazuia wasije kwako, si kwa sababu nilikuogopa, bali ili uongo wangu usionekane. Hapo ndipo ninapojionea aibu zaidi.

Juzi nilimweleza Mama. Alikuwa akikunja nguo. Hakunigombeza, alikunja shuka moja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema mkono aliokupigia ni huu wa kulia, na hajui atakusalimu kwa mkono gani. Atakuja mwisho wa mwezi huu, anasema asiandaliwe chochote. Ndugu zetu wote nimewaambia pia, mmoja mmoja.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nikija utaniambia usoni unachotaka kuniambia, nami nitasikiliza. Leo nataka kusema asante, kwa sababu sijawahi kuisema hata siku moja. Asante kwa kuniita mara tatu. Asante kwa kunivuta. Mke wangu, watoto wangu, kila mkate nilioula tangu siku ile, nimeupata kwa sababu hukuniachia.

Wifi yako aliyekuletea barua hii atarudi kesho. Mtoto aliyekuja naye harudi, labda umfukuze wewe. Ni yule mkubwa aliyelala na gauni lako, ametimiza miaka saba mwezi uliopita, na ni wako likizo nzima. Hapendi maziwa yenye utando, na usiku huongea peke yake, usishtuke. Nimemwambia anakwenda kwa shangazi aliyemtoa baba yake majini, na tangu hapo amejaa maswali. Mjibu yote, na kosa langu usimfiche.

Wasalimie majirani na wanafunzi wako wa cherehani. Mungu akulinde.

Ni mimi,
mdogo wako