Mikono Uliyoikata Kwenye Picha

Chumba cha Nyuma,
Mtaa wa Maseremala.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mjukuu wangu Kichwa Kigumu,

Umeniaibisha. Naanza na hilo, salamu zifuate. Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kama ulivyoyaacha. Wewe usihangaike kuniambia u mzima. Mgonjwa hana nguvu za kuharibu hivi.

Juzi mwanamke nisiyemjua alisimama mlangoni kwangu, kabeba kikapu kilichong'oka kishikio. Viazi vilimmwagikia barabarani, watu wakamcheka. Alikinunua kwenye soko la mtandaoni. Akanionyesha picha kwenye simu: kikapu ni changu kabisa, kimekaa juu ya kitambaa changu cha meza chenye alama ya kuungua kwa pasi. Alicholetewa ni takataka. Sijasuka kitu legelege namna ile hata nikiwa na homa. Fundi cherehani wa hapa jirani, ndiye aliyeitambua kazi yangu pichani akamwelekeza kwangu, naye akapata la kusema: "Bibi, siku hizi unasuka kwa miguu?" Mtaa mzima umecheka.

Picha ile uliipiga wewe, ya kuuzia vikapu vyetu mtandaoni. Nilikishika kikapu kwa mikono miwili, ukaenda ukaikata mikono yangu, eti ina mikunjo, wateja wataogopa. Wataogopa nini, mimi ni mamba? Nikakuambia uandike jina letu juu ya picha, ukasema litaharibu urembo. Na kila aliyekuomba picha ulimtumia, hukuuliza ya nini. Sasa mwizi anauza uchafu wake kwa sura ya kazi yangu, na anayetukanwa ni mimi. Shule sikukaa sana, lakini nikitoka nyumbani mlango nafunga.

Mama yako hajambo. Anakutetea, nimemwambia anyamaze. Mjomba wako fundi bomba anakusalimu. Shangazi yako pia, ila amenuna.

Mungu akulinde, na akupe akili ya kujilinda mwenyewe.

Anayekupenda hata leo, kwa shida,
Bibi yako.

Sijamaliza. Zile picha nzima, zenye mikono yangu, bado unazo kwenye simu, mwizi hana. Wapelekee wenye soko lile la mtandaoni wazione, wamwondoe. Kisha ondoa zako zote ulizokata, uweke hizo nzima, na jina letu liandike katikati ya kikapu, siyo pembeni mtu anapoweza kulikata. Mpaka nione, sisuki hata kifuniko. Anza leo, kabla hujala.