Chakura Kizuli kwa Mama Joze

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungesema mtoto huyu kaacha adabu mara tu nilipogeuza kisogo.

Maharage ya nyuma ya nyumba yako yamevunwa. Baba mdogo ndiye anayekaa pale sasa, na mbuzi wako mweupe amezaa. Mimi nilirudi kwangu Nyamahanga, kwenye mahindi yangu na kwa mume wangu, ambaye ananivumilia. Watu huniuliza kama nimepoa. Nawajibu nimepoa. Mama, sijapoa.

Kinachonisumbua ni macho, haya macho uliyonifundishia kusoma. Nikipanda basi la kuja Ngara nakaa dirishani. Asubuhi ukungu unakuwa umelalia vilima, na maandishi yananijia moja moja kutoka humo, taratibu, kama watu wanaotoka misani. HAPA KUNA UZWA MKAA. GARAMA ZETU NI NAFUU. Halafu kwenye ukuta mmoja mrefu: USITUPE TAKA HAPA? Hapo nasikia sauti yako kwenye kiti cha pembeni, ingawa amekaa mtu mwingine kabisa: "Huyu anakataza au anaomba ruhusa?" Nacheka peke yangu. Abiria anavuta mfuko wake karibu na miguu.

Ulifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka ukastaafu, na kustaafu kwenyewe hukukujua. Ulituambia kwamba sisi lugha yetu ya nyumbani ni Kihangaza, Kiswahili tulikikuta shuleni, kwa hiyo tukitunze kama nguo ya kuazima. Ndiyo maana hukuweza kupita bango lenye kosa ukanyamaza. Lakini ulikuwa na utaratibu wako. Kosa la mtu, ulisema, haliguswi kwa tumbo tupu. Unaingia, unasalimia, unanunua kitu chake au unakula chakula chake, ndipo unasema. Na brashi hushiki wewe. Mwenye bango arekebishe kwa mkono wake, asije akasema Mwalimu amemharibia ukuta.

Fundi baiskeli alirekebisha. Mwenye mashine ya kusaga alirekebisha, akakuongezea na kilo ya unga. Aliyekushinda ni mmoja tu, Mama Joze, mwenye hoteli pale gulioni Kanazi, na bango lake la HAPA TUNA UZA CHAKURA KIZULI.

Baba alipofariki na sisi watoto tukatawanyika, ulikuwa huko kila gulio. Unakula ndizi kwa maharage, unanawa, unaanza kumweleza: "tuna" na "uza" ni neno moja, usiwatenganishe, l ikae hapa, r ikae pale. Yeye anaitikia, "Ndiyo, Mwarimu," anakumiminia chai, mnabishana mpaka wauza nyanya wanafunga mizigo. Bango linabaki vilevile. Jioni unanipigia simu unawaka: "Yule mwanamke ana kichwa cha jiwe!" Ulikuwa unacheka ukisema hivyo, na nilipenda kukusikia.

Sasa sikiliza. Mama Joze amejenga ukuta mpya wa tofali za kuchoma. Alinitumia salamu nije siku ya gulio, mchoraji wa mabango atakuwepo. Anataka nimwandikie maneno kwenye karatasi, yawe sahihi safari hii, kwa heshima yako.

Nilikuja. Nilisalimia, nikaagiza chakula kwanza, kama sheria yako inavyotaka. Njia nzima nilijiambia, hatimaye Mama ameshinda. Mbona basi moyo ulikuwa mzito? Niliogopa, Mama. Siku hizi nikipita kwa fundi baiskeli sisikii kitu. Bango lake limenyooka, na mahali palipokuwa na sauti yako pana kimya. Kila kosa linaloondolewa, unaondoka nalo kidogo. Hapa kwa Mama Joze ndipo ulipokuwa ukisikika kuliko popote, na mimi ndiye niliyeitwa kuja kukunyamazisha.

Nikamuuliza, ili kuvuta muda, kwa nini miaka yote hiyo hakurekebisha. Alikuwa anafuta meza. Hakuniangalia.

"Mwanangu, mimi kusoma najua," alisema. "Ningelekebisha, Mwarimu angekuja kufanya nini hapa? Yule alikuwa mtu wa kusema nyumba imemuelemea? Hakuwa. Basi nikamwachia sababu."

Nililia pale pale mbele ya wateja, wala sikuona haya. Nililia kwa shukrani, na kwa wivu pia, nikuambie ukweli. Mtu baki, asiye hata wa ukoo wetu, alikuona ulivyokuwa mpweke, akakubali kuitwa mjinga kila gulio ili ule chakula ukiwa na mtu. Na wewe, Mama, ulijua? Nadhani ulijua. Mwalimu aliyewanyoosha watoto wa Kanazi nzima hashindwi na bango moja.

Mchoraji akafika na makopo yake ya rangi, akaomba karatasi. Niliandika kwa ile hati uliyonifundisha, kila herufi imekaa juu ya mstari wake kwa adabu: HAPA TUNA UZA CHAKURA KIZULI. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. "Dada, una uhakika?" Nikamwambia andika hivyo hivyo. Mama Joze akaja akachungulia begani kwake. Aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Pumzika sasa, Mama wangu. Usiamke kwa ajili yetu, wala kwa ajili ya ukuta wowote. Nikimaliza palizi nitakuwa nakuja Kanazi siku za gulio, si zote, lakini nitakuja. Nitakaa pale ulipokuwa unakaa, nile nishibe, halafu nimgombeze Mama Joze kuhusu bango lake mpaka wauza nyanya waondoke. Nimeshamwambia hivyo. Naye ameniahidi kwamba hatanisikiliza.

Mwanao,
Konsolata